Injini Inanguruma, Gari Haliendi: Klachi na Barabara za Katavi

Klachi ni kiungo kilichowekwa kati ya injini na giaboksi ili dereva aweze kuviunganisha na kuvitenganisha kwa mguu wa kushoto, na inapoanza kuteleza, yaani inaposhindwa kupeleka kwenye giaboksi nguvu yote inayoipokea, gari hupoteza mwendo huku injini ikizidi kunguruma, mafuta yakiteketea bure na vyuma vikipata joto ambalo havikuundwa kulistahimili. Hitilafu hii hulipata gari lolote lenye gia za mkono, liwe la mbio au pikapu ya kubebea mpunga. Katika mkoa wa Katavi, hata hivyo, ina uzito wa pekee, kwa sababu ya njia ambazo magari hupita na kwa sababu ya umbali ambao kipuri husafiri kabla ya kumfikia fundi.

Mkoa huo, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ukiwa na makao yake makuu Mpanda, umeunganishwa na nchi nzima kwa reli tangu enzi ya mgodi wa risasi wa Mpanda, ambao kwa ajili yake tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa na kufikia mji huo mwaka 1950, na sasa umeunganishwa pia kwa lami ya takriban kilomita 340 ya Tabora, Koga na Mpanda, iliyozinduliwa mwaka 2022. Lami hiyo imewapunguzia madereva mateso mengi, ila haifiki kila mahali. Gari linalotoka Mpanda kwenda Sitalike, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha likaingia ndani ya hifadhi hiyo yenye kilomita za mraba 4,471, hukutana na udongo mweusi wa mbuga kama ule wa Katisunga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu, na kuanzia Novemba hadi Aprili hugeuka tope linalonata kwenye tairi na kulikamata gari kwa chini. Lori linalopanda kutoka bonde la Rukwa kwenda kwenye uwanda wa Ufipa lazima likwee ukingo wa Lyambalyamfipa likiwa na mzigo. Tope na mlima ndivyo vitu viwili vinavyoidai klachi kuliko vyote, kwa kuwa katika hali zote mbili injini hufanya kazi kwa nguvu kubwa huku magurudumu yakizunguka polepole, na dereva hushawishika kuuacha mguu wake nusu juu ya pedali.

Ili kueleza kwa nini klachi huteleza ni lazima kwanza kueleza inavyoshika. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, linalozunguka pamoja na krenkishafti, yaani shafti kuu ya injini, wakati wote injini ikiwaka. Nyuma yake, upande wa giaboksi, hukaa klachi pleti, ambayo ni sahani nyembamba iliyobandikwa kila upande tabaka la msuguano, linaloitwa na mafundi lainingi, na yenye tundu la meno katikati linaloingia kwenye shafti ya giaboksi. Sahani hiyo hubanwa dhidi ya flaiwili na presha pleti, yaani bamba la chuma linalosukumwa na springi ya diaframu, ambayo ni springi ya duara yenye vidole vinavyoelekea katikati. Dereva anapokanyaga pedali, mafuta ya haidroliki au waya husukuma beringi ya klachi, beringi husukuma vidole vya springi, presha pleti hurudi nyuma, na sahani hubaki huru. Anapoachia, springi hurudisha mbano wake na vyote vitatu huzunguka kama chuma kimoja. Hapana jino wala pini inayofunga sahani kwenye flaiwili. Kinachopeleka gari mbele ni msuguano peke yake.

Uwezo wa klachi hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: idadi ya nyuso zinazosuguana, mgawo wa msuguano wa lainingi, nguvu ya mbano wa springi, na umbali wa wastani kutoka katikati ya sahani hadi pale inaposugua. Kwa mfano wa hesabu tu, sahani yenye nyuso 2, mgawo wa 0.3, mbano wa niutoni 7,000 na umbali wa mita 0.11 inaweza kubeba msokoto wa niutoni mita 462, na msokoto ni ile nguvu ya kuzungusha ambayo injini huitoa kwenye shafti. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye silinda 6 na lita 4.2, inayofahamika sana kwenye Land Cruiser za maporini, hutoa takriban niutoni mita 285. Klachi ya mfano huo ingekuwa na akiba ya kutosha. Lakini oili ikivuja juu ya lainingi na kuushusha mgawo wa msuguano hadi 0.1, uwezo ule wa 462 huporomoka hadi 154, nayo injini ileile iliyokuwa ikilivuta gari bila shida huizidi nguvu klachi yake mara tu dereva anapokanyaga mafuta. Hesabu hii fupi inastahili kukaa kichwani mwa kila mwenye gari, maana inaonyesha kwamba klachi inaweza kuteleza ikiwa na lainingi nene kabisa, na kwamba kupungua kwa lainingi ni sababu moja tu miongoni mwa kadhaa.

Klachi ikishaanza kuteleza, uharibifu huenda kwa kasi kwa sababu ya joto. Ikiwa msokoto wa niutoni mita 250 unapita kwenye klachi huku injini ikizunguka mara 400 zaidi kwa dakika kuliko shafti ya giaboksi, joto linalozalishwa pale huzidi wati 10,000, sawa na pasi kumi za umeme zilizofungiwa ndani ya ganda moja dogo la chuma. Gundi inayoshika nyuzi za lainingi huungua na kutoa ile harufu kali inayojulikana na kila aliyewahi kusafiri nyuma ya lori mlimani. Uso wa lainingi hung'aa kama kioo na kupoteza ukwaruzo wake. Flaiwili hupata madoa ya buluu na nyufa nyembamba. Na springi yenyewe, ikipata moto kupita kiasi, hulegea na kamwe hairudii nguvu yake ya kwanza.

Magari ya mbio yanatii kanuni hiyohiyo, na Afrika Mashariki ina historia nayo ndefu, tangu mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Toyota Celica yenye tabo ilishinda mashindano hayo mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo, na tabo, kwa kuwa husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, huongeza msokoto ghafla katika mizunguko ya kati, jambo ambalo hulazimu klachi kuwa na akiba kubwa zaidi. Ndiyo maana mwenye gari la mwendo kasi anayeongeza nguvu ya injini bila kuigusa klachi huona dalili za kuteleza hata kama sahani ni mpya. Waundaji wa magari ya mbio hutumia springi ngumu zaidi, au lainingi za unga wa metali uliochomwa, ambazo hustahimili joto kali lakini hushika kwa ghafla na kulifanya gari liruke wakati wa kuondoka. Wapo wanaotamani kufunga klachi ya aina hiyo kwenye gari la kawaida kwa kudhani kuwa ngumu ni bora, na dhana hiyo haifai: pedali huwa nzito, mguu huchoka, na beringi za msukumo za krenkishafti hubebeshwa mzigo usio wao.

Dalili ya kwanza ya klachi inayoteleza haionekani wakati gari linaondoka, kama wengi wanavyotarajia, bali huonekana likiwa limeshika mwendo katika gia ya juu. Katika gia ya chini gari hupata kasi upesi na injini haikutani na kizuizi kikubwa kwa muda mrefu. Katika gia ya nne au ya tano uzito wa gari huizuia injini isipande haraka, hivyo karibu msokoto wake wote hulazimika kupita kwenye klachi. Kipimo kinachofaa kufanywa barabarani, penye unyoofu na pasipo msongamano, ni kuliendesha gari katika gia ya nne injini ikiwa kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika, kisha kukanyaga mafuta hadi mwisho. Klachi nzima huifanya injini na mwendo wa gari vipande pamoja polepole. Klachi inayoteleza huuacha mshale wa mizunguko upae huku ule wa mwendo ukibaki pale ulipo. Gari lisilo na mshale wa mizunguko hupimwa kwa sikio, na sikio la dereva aliyelizoea gari lake halidanganyiki kirahisi.

Hapa inafaa kutenganisha hitilafu tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Gari lisilo na nguvu kwa sababu chujio la hewa limejaa vumbi la kiangazi, au kwa sababu dizeli haipiti vizuri, halipandishi mizunguko: injini yenyewe ndiyo huzama. Gari ambalo gia zake zinakwaruza na kukataa kuingia lina klachi isiyokata, jambo lililo kinyume cha kuteleza. Na gari ambalo magurudumu yanazunguka bure kwenye tope halina kosa lolote la klachi, ingawa dereva akiendelea kulazimisha kwa kubalansi klachi, yaani kuishikilia pedali kati ya kukata na kushika, atalitengeneza kosa hilo kabla ya jua kuzama. Katika mbuga, gari lenye uwezo wa magurudumu manne huingizwa kwenye gia za chini za transfa, yaani kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, kabla ya kufika topeni, kwa kuwa gia hizo humruhusu dereva aende polepole akiwa ameuondoa mguu wake kabisa kwenye pedali.

Baada ya kuthibitishwa kuwa klachi inateleza, fundi mwenye subira haanzi kwa kushusha giaboksi. Huanza na pedali. Pedali yoyote ya klachi inapaswa kuwa na uchezaji kidogo kwa juu, yaani mwendo mfupi mwepesi kabla haijaanza kusukuma kitu, na ukikosekana huenda beringi inaisukuma springi wakati wote, kana kwamba dereva ameuweka mguu wake pale usiku na mchana. Katika gari la waya marekebisho hufanyika kwenye nati ya waya huo. Katika gari la haidroliki kuna pampu ya juu, iliyo karibu na pedali, na pampu ya chini, iliyo kwenye giaboksi, na ndani ya pampu ya juu kuna kitundu kidogo kinachoyaruhusu mafuta yarudi kwenye kopo lake mguu unapoondolewa. Kitundu hicho kikizibwa na uchafu, au na raba iliyovimba kwa sababu mtu alijazia oili ya injini badala ya mafuta ya breki, presha hubaki ndani ya bomba na springi haipati nafasi ya kubana. Kipimo chake hakihitaji chombo zaidi ya spana: klachi inapoteleza, skrubu ya kutolea upepo kwenye pampu ya chini hufunguliwa kidogo, na ikiwa mafuta yatachupa kwa nguvu na klachi ikarudi kushika, ubaya uko kwenye pampu wala si kwenye sahani. Wenye magari wamelipia klachi nzima kwa kosa la raba moja, na jambo hilo ni la kusikitisha kwa kuwa lingeweza kugunduliwa kwa dakika chache.

Sababu nyingine inayostahili kutafutwa kabla ya kununua chochote ni oili. Chini ya ganda linaloifunika klachi huwa kuna tundu dogo au mfuniko, na pale hutazamwa kama kuna unyevu. Oili nyeusi na nyepesi hutoka kwenye injini kupitia sili ya nyuma ya krenkishafti. Oili nzito yenye harufu ya kiberiti hutoka kwenye giaboksi kupitia sili ya shafti yake. Kwa magari yanayovuka mito na madimbwi kuna jambo la ziada ambalo halizingatiwi inavyostahili, nalo ni kipumulio cha giaboksi, yaani kijitundu au bomba dogo linaloiruhusu hewa iliyopashwa joto itoke. Tope la mbuga likikiziba, hewa inayotanuka ndani hutafuta njia nyingine, na njia iliyo rahisi ni mdomo wa sili, na humo huisukuma oili moja kwa moja kwenye klachi. Sahani mpya ikifungwa bila kipumulio kusafishwa italowa kama ile ya kwanza.

Pikipiki za bodaboda ni habari tofauti kidogo, kwa kuwa klachi zake nyingi zina sahani kadhaa nyembamba zinazofanya kazi zikiwa zimezama ndani ya oili ya injini, na lainingi zake zimetengenezwa kwa hali hiyo. Huko oili haiharibu klachi, ila aina ya oili yaweza kuiharibu: oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huzifanya sahani hizo ziteleze, na ndiyo sababu oili ya pikipiki yenye klachi ya namna hiyo hupaswa kuwa na alama ya JASO MA kwenye kopo lake.

Ikithibitika kwamba lainingi yenyewe imekwisha au imelowa, hapo ndipo kazi kubwa huanza. Betri hukatwa, gari huinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara, na jambo hili lazima lisemwe waziwazi kwamba jeki peke yake si egemeo na hakuna haraka inayomhalalishia fundi kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki. Oili ya giaboksi na transfa humwagwa, propela shafti huwekewa alama ili zirudi zilivyokuwa, kisha hufunguliwa, vijiti vya gia hutolewa kutoka ndani ya gari, pampu ya chini huning'inizwa pembeni bila kufungua bomba lake, stata hufunguliwa, na giaboksi hushikiliwa kwa jeki yake kabla ya boliti za mwisho kutoka. Kosa kubwa wakati huu ni kuuacha uzito wa giaboksi uning'inie kwenye shafti yake ikiwa bado imo ndani ya sahani, kwa sababu kitovu cha sahani hupinda, na kosa hilo likifanyika wakati wa kurudisha, klachi mpya huharibika kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Vumbi linalokutwa ndani halipaswi kupulizwa kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, madini ambayo wataalamu wa afya duniani wamethibitisha kuwa yanasababisha saratani, na bado si rahisi kujua kwa macho kipuri kipi kinayo. Kitambaa chenye maji hutosha kulifuta, kisha kitambaa hicho hufungwa na kutupwa.

Sahani ya zamani ikishatoka hutazamwa kwa makini, maana yenyewe inaeleza kilichoiua. Iliyolika sawasawa pande zote hadi karibu na vichwa vya ribiti imezeeka kwa haki. Kipimo cha kawaida kwa Toyota ni kwamba kichwa cha ribiti kikibakiwa na kina kisichofikia milimita 0.3 chini ya uso wa lainingi, sahani haifai tena. Iliyong'aa na kunuka moto imeuawa na uendeshaji au na presha iliyobaki kwenye pampu. Iliyolowa imeuawa na sili. Iliyolika upande mmoja kuliko mwingine inaelekeza macho kwenye flaiwili au presha pleti. Flaiwili yenye mikwaruzo mirefu, nyufa au madoa ya buluu hupelekwa kwa fundi wa kukereza, ambaye husawazisha uso wake kwenye mashine bila kuvuka kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Kupitisha msasa juu ya uso uliopinda ni kujidanganya.

Ununuzi wa vipuri unahitaji uangalifu uleule. Sahani, presha pleti na beringi hubadilishwa pamoja, na sili ya nyuma ya krenkishafti pamoja na beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili huongezwa kwenye orodha, kwa sababu gharama kubwa ya kazi hii ni kushusha na kupandisha giaboksi, wala si bei ya sili. Mtu wa Mpanda anayeagiza klachi kutoka Dar es Salaam huisubiri ivuke zaidi ya kilomita 1,000, na ikifika si ya gari lake hulazimika kusubiri upya. Kwa hiyo ni vyema kuagiza kwa namba ya chesi, kisha kuilinganisha na ya zamani kwa upana, idadi ya meno ya kitovu na kimo cha vidole vya springi kabla ya kuanza kuifunga. Bidhaa bandia zipo sokoni, na Tume ya Ushindani, inayojulikana zaidi kama FCC, ndiyo yenye mamlaka ya kuzishughulikia. Risiti ndiyo ushahidi wa kwanza wa mlalamikaji.

Katika kufunga, uso wa flaiwili na wa presha pleti mpya husafishwa kwa dawa ya kusafishia breki ili kuondoa oili ya kuzuia kutu iliyopakwa kiwandani, na tangu hapo mikono yenye grisi haigusi lainingi. Upande wa sahani wenye springi zilizochomoza huelekea giaboksi. Sahani hushikiliwa katikati kwa shafti ya zamani au kwa kifaa cha plastiki cha kupangia, kwa kuwa ikikaa pembeni hata kidogo giaboksi haitaingia, na hapo ndipo mafundi wenye haraka huanza kuivuta kwa boliti na kupasua ganda lake. Boliti za presha pleti hukazwa kidogokidogo kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuatana, hadi kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa Toyota nyingi ni karibu niutoni mita 19, kiasi kidogo kuliko mkono wenye nguvu unavyodhani. Grisi hupakwa kwenye meno ya shafti kwa wembamba sana, maana inayozidi hurushwa na mzunguko hadi kwenye lainingi.

Giaboksi ikisharudi, oili mpya ikajazwa na upepo ukatolewa kwenye haidroliki, gari huendeshwa polepole na bila mzigo mkubwa kwa kilomita 500 za mwanzo, ili nyuso mpya zizoeane na kugusana sawasawa. Katika muda huo pedali hupimwa tena, kwani uchezaji wake hubadilika kadiri lainingi inavyokaa, na tundu la chini ya ganda hutazamwa kama limebaki kavu. Kipimo cha gia ya nne hurudiwa baada ya kilomita hizo kutimia. Hakifanywi siku ya kwanza, kwa sababu lainingi ambayo haijakaa inaweza kuteleza kidogo bila kuwa na ubovu wowote, na mwenye gari asiyelijua hilo anaweza kumrudia fundi kwa ugomvi kabla ya wakati.